Boma Lililorukwa

Daktari Derrick Mukhwana alikuwa amechungulia matumbo ya watu wengi wa Kamukuywa kuliko mtu yeyote aliye hai, lakini uso wa mama mkwe wake alikuwa hajauona sawasawa tangu aoe. Hilo halikumsumbua. Kwa Wabukusu, mkwe na mama wa mkewe hawashikani mikono, hawali chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja huingia shambani mpaka mwenzake apite. Mukhwana aliyajua hayo kabla hajajua kusoma, na masomo yote aliyoyarundika kichwani baadaye hayakuyatoa. Akienda ukweni alipiga honi langoni akangoja. Mama mkwe, Mama Nakhumicha, alitokea mlango wa jikoni, akazunguka nyuma ya mahindi, leso imemfunika kichwa chote, na ndipo bwana daktari aliposhuka garini na sukari yake na mkate. Ungemwona alivyokanyaga ardhi ya pale taratibu, ungedhani pana mtoto amelala.

Alikuwa mkwe mzuri, na alijua kwamba ni mkwe mzuri. Shida yote ilianzia hapo.

Kazi yake ilikuwa Kitale, katika kituo kidogo cha utafiti wa magonjwa ya tumbo nyuma ya safu ya maduka ya vitambaa. Lakini watu aliowatafiti walikuwa upande wa Bungoma, kwao, kuanzia Kamukuywa hadi Myanga. Alitaka kujua kwa nini huko vidonda vya tumbo ni vingi hivyo, kwa nini watu wanatapika damu wakiwa bado na nguvu za kulima. Mshukiwa wake mkuu alikuwa kijidudu kimoja kinachoishi ndani ya tumbo, kile ambacho watu wa Kitale wamezoea kukiita pailori kana kwamba ni jirani yao. Wafanyakazi wake walizunguka boma kwa boma na vifuko vya plastiki, mtu anapuliza pumzi, pumzi inapimwa. Aliyekutwa na kijidudu alipewa dawa za wiki mbili bure. Aliyekuwa na dalili mbaya aliletwa Kitale, akameza kamera ndogo ya kwenye bomba, tumbo lionekane ndani. Ilifika mahali watu sokoni Kamukuywa wakikutana wanaulizana, "Wewe umepuliza?" kabla hata ya kuulizana habari za watoto.

Wafanyakazi hao aliwachagua mwenyewe, wote wazaliwa wa vijiji hivyo hivyo. Mgeni hafunguliwi mlango, alisema, na alisema kweli. Katika kila mkutano alijigamba kwamba utafiti wake haukuacha boma hata moja. Alhamisi ile alasiri alikuwa mezani akitayarisha maneno hayo hayo, awaambie wageni waliokuwa waje wiki iliyofuata kukagua kazi yake, mkewe alipopiga simu.

"Baba Joy, Mayi ametapika damu." Viola hakusalimu kabla ya kumtaja mama yake. Alikuwa mwalimu, mtu wa kuongea polepole, lakini siku hiyo maneno yalimtoka yakikanyagana. "Beseni mzima. Mukhisa anamleta na probox ya jirani. Saa hii wako Kiminini."

"Anamleta wapi?"

"Kwako. Kliniki ya Kamukuywa wamesema apelekwe kwa kamera. Kamera si ni wewe?"

Mukhwana alisimama, akaketi tena. Kitale nzima walikuwa wawili tu wanaoweza kuishika ile kamera, yeye na Daktari Preeti, na wanawake wote waliokataa kuangaliwa na mwanamume alikuwa akimwachia Preeti. Akampigia. Simu ilipokelewa katikati ya ngoma na vifijo.

"Niko Kisumu, Derrick. Dada yangu anaolewa. Niko na hina mpaka kwa viwiko."

"Unaweza kurudi?"

"Hata nikiendesha kama mwehu, nitafika giza likiingia. Ni nani?"

"Mama yake Viola. Anatapika damu."

"Sasa unanipigia mimi ya nini? Si uko hapo?" Kisha Preeti, ambaye alizaliwa Kitale na kukulia dukani kwa baba yake akiwauzia Wabukusu mashuka ya harusi, akanyamaza. "Oh. Mambo ya wakwe."

"Eeh."

"Derrick, nisikize. Ukiningoja mimi utamzika."

Eldoret ilikuwa na kamera, lakini mtu anayemwaga damu namna hiyo hapelekwi Eldoret, atafia njiani. Mukhwana alilijua hilo vizuri kuliko Preeti. Aliita nesi wake, Gathogo, wakawasha mitambo, wakaagiza damu ya kundi O kutoka benki ya damu. Mikono yake ilifanya kila kitu sawasawa.

Probox iliingia uani kwa kasi. Mukhisa, shemeji yake wa mwisho, alimtoa mama yake kwenye kiti cha nyuma akambeba kifuani. Leso yake ilikuwa imelowa damu nyeusi mpaka kiunoni. Na hapo Daktari Mukhwana, mtu ambaye amewafundisha madaktari wenzake namna ya kuzuia damu ya tumbo, alifanya kile ambacho miguu yake ilikijua. Alitoka kwa mlango wa nyuma.

Daktari mzima! Alisimama kwenye korido, mgongo ukutani, pazia la kijani likiwa kati yake na mgonjwa, akaanza kutoa amri kwa sauti.

"Gathogo, weka mistari miwili ya dripu, sindano kubwa. Damu ikifika itundike mara moja."

"Sawa, Daktari." Viatu vyake vilisikika vikizunguka kitanda. "Daktari, kwani unaongea ukiwa wapi?"

"Endelea tu. Presha ni ngapi?"

"Iko chini. Na roho inapiga mbio sana."

"Muulize kama anatumia dawa za maumivu."

Minong'ono ilisikika, kisha Gathogo akajibu kwamba ndiyo, vidonge vya magoti, kila siku, vya kununua dukani. Na tumbo? Tumbo limemchoma kwa miaka. Amekuwa akinywa maziwa na vidonge vya gesi. Na amesema mkwe asiingie. Mukhwana alifumba macho. Kijidudu, na dawa za magoti juu yake. Vitu hivyo viwili vikikutana ndani ya mtu mzee, hutoboa. Ndiyo habari aliyokuwa akiwahubiria watu makanisani kila Jumapili aliyopata nafasi.

Gathogo akachomoza kichwa pembeni mwa pazia. Alikuwa Mkikuyu, mzaliwa wa Kitale, mtu mkimya wa kazi. "Nauliza tu, Daktari. Huyu mama anakaa kwa ile barabara ya kanisa, si ndio? Pale si tulimaliza boma zote? Yeye alipuliza lini?"

Mukhwana alikumbuka msimu wa kwanza wa utafiti, alipotembea na Wabwile, kiongozi wa wafanyakazi wa nyanjani, kumwonyesha kazi. Walifika kwenye lango lile. Yeye mwenyewe alisema, "Hapa ni ukweni, tupite. Nitatuma mwanamke." Wabwile akacheka kwa heshima, wakapita, wakaingia kwa jirani. Huyo mwanamke alikuwa atumwe kesho yake. Kisha mvua zikaanza, kisha barabara ikaharibika, kisha kazi ikahamia Myanga. Hakutumwa mtu. Lakini labda Wabwile mwenyewe alimtuma mtu baadaye. Wabwile hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Akampigia, akiomba Mungu iwe hivyo.

"Kwa mama mkwe wako?" Wabwile alijibu kwa uchangamfu, nyuma yake kuku wanalia. "Ah, hapana, Daktari. Hapo tuliheshimu. Hata mimi kwa mama mkwe wangu huku Myanga niliruka. Nasambu wa timu yetu naye akaruka kwa baba mkwe wake. Si wewe ulituonyesha njia?"

"Wabwile. Mliruka boma ngapi?"

"Sasa hiyo, bana..." Alisikika akihesabu majina. "Kila mtu ako na wakwe, Daktari."

"Lakini kila boma tuliandika..."

"Tulisema hawakuwa nyumbani. Kwani tungesema nini?"

Mukhwana naye akaanza kuhesabu. Miaka mitatu. Watu wake wote walikuwa wa hapo hapo, kama alivyotaka, na kila mmoja wao alikuwa na lango ambalo hawezi kuliingia. Wazee wa vijiji hivyo vyote, watu wenye umri ule ule ambao ndio kijidudu hiki huwamaliza, waliachwa mmoja mmoja kwa adabu. Alitaka kumuuliza Wabwile zaidi, lakini Gathogo akaita, na sauti yake ilikuwa imepanda.

"Daktari! Ametapika tena!"

Akakata simu. Viola alikuwa ameingia wakati huo kwa mlango wa uani, viatu mkononi, amekimbia kutoka stendi. Alimwona mumewe ameegemea ukuta.

"Unafanya nini huku nje?"

"Viola..."

"Nimekuuliza, unafanya nini huku nje?"

"Amekataa. Alisema mbele ya Gathogo. Mkwe asiingie."

"Na wewe ukakubali?" Alimtazama kwa hasira ambayo Mukhwana hakuwahi kuiona katika ndoa yao. "Mlazeni. Mpeni usingizi, ameze hiyo kitu akiwa hajui. Nitatia sahihi mimi."

Gathogo alikuwa anawaza hivyo hivyo, ilionekana usoni. Na niseme ukweli, Mukhwana naye alikuwa amewaza hivyo tangu probox iingie uani. Ingekuwa rahisi. Mama angeamka jioni, angeambiwa ni Preeti aliyemtibu, na heshima ingebaki palepale haijaguswa.

"Haiwezekani," alisema. "Presha ikiwa hivi, nikimlaza huenda asiamke. Lazima ameze akiwa macho. Nikimwambia meza, ameze. Akipigana na mimi, bomba halipiti."

"Basi kaongee na yeye."

"Sijawahi kuongea na yeye."

Ilikuwa kweli. Salamu zao zote kwa miaka yote zilipitia kwa Viola au kwa Mukhisa, au siku hizi kwa Joy mdogo: kukhu, yaani nyanya yake, anasema asante kwa sukari, papa anasema karibu. Viola alivuta pumzi, akamshika mumewe mkono wa shati, akamleta mpaka kwenye pazia. Mkono mmoja ungetosha kulisukuma. Upande wa pili mgonjwa alisikika akihema, na beseni likisogezwa.

"Mwambie mama," Mukhwana alianza, kwa sauti ya chini, "kwamba hakuna mtu mwingine."

"Mayi, anasema hakuna mtu mwingine."

"Nimeskia." Sauti ilikuwa nyembamba lakini haikutetemeka. "Mwambie mkwe mimi siwezi fungua mdomo mbele yake. Aone meno yangu? Aone mpaka ndani? Mwambie hii mwiko ya wakwe inatolewa na mbuzi na blanketi, wazee wakiwa hapo. Hapa Kitale wazee wako wapi?"

"Anasema..."

"Nimesikia," Mukhwana alisema. "Mwambie damu haitangoja mbuzi."

"Mayi, anasema damu haitangoja."

"Mwambie nimeishi miaka yangu. Afadhali nirudi kwa Mungu na adabu yangu."

Walikuwa hatua mbili kutoka kwa mgonjwa, na maneno yalikuwa yanazunguka kama maji yanayotafuta shimo, na kwa kila mzunguko Gathogo alisema presha, na kila akisema ilikuwa imeshuka. Viola alianza kulia huku akitafsiri Kiswahili kwa Kiswahili. Mukhisa alikuwa amepiga magoti pembeni ya kitanda. Mukhwana alishika pazia, akaliacha, akalishika tena. Aliogopa. Hakuogopa kamera wala damu. Aliogopa kwamba akiingia bila ruhusa mama huyu atakufa kwa aibu mikononi mwake, na akikaa nje atakufa kwa damu, na kwamba vyovyote vile Viola hatakuwa mke wake tena jinsi alivyokuwa asubuhi.

Akaacha kumtumia Viola.

"Mama," alisema. "Ni mimi. Ni Mukhwana."

Upande wa pili kitanda kililia, kama mtu aliyejaribu kuinuka.

"Nakuomba uniruhusu niingie. Ukinikataza sitaingia. Lakini nakuomba mwenyewe, kwa mdomo wangu."

Alipokuja kujibu, Mama Nakhumicha hakumjibu kwa kile alichouliza.

"Ile siku mulikuja na Wabwile," alisema, "mimi nilikuwa nimeoga. Niliskia munapima watu kwa hiyo barabara. Nikavaa vizuri, nikatoa kiti nje, nikakaa. Nilisema kama mkwe atasimama mbali, Wabwile ataleta hiyo plastiki, nitapuliza. Nikaskia miguu yenu kwa lango."

Mukhwana aliliachia pazia.

"Halafu nikaskia munaenda kwa jirani."

"Tumbo ilikuwa inauma siku hiyo, mama?"

"Ilikuwa inanichoma kama makaa." Akakohoa, Gathogo akamfuta. "Lakini nilifurahi. Mimi nilifurahi sana. Niliambia wamama wa kanisa, muone, mkwe wangu amesoma mpaka ng'ambo lakini hajasahau. Anapita kwangu kama mtu mwenye alilelewa. Nilikusifu Jumapili mbili."

Machozi yalimtoka Mukhwana, na hakuyafuta. Mwanamke huyu aliketi kwenye kiti chake na moto tumboni akimsifu kwa kumpita. Dawa ya wiki mbili ilikuwa ndani ya gari lililosimama barabarani, mbele ya lango lake.

"Sasa nimefikiri," Mama Nakhumicha alisema. "Hii heshima yenu na yangu imenimaliza damu. Ingia."

"Mama..."

"Ingia, bana! Mbuzi utaleta nikitoka hapa. Na isiwe hizo mbuzi zako za mjini zenye ziko na mifupa tu."

Gathogo, mtu wa kazi, alicheka kwa sauti kabla hajajizuia. Mukhwana alisukuma pazia akaingia.

Hakumtazama usoni. Alitazama mikono yake mwenyewe ikivaa glavu, akatazama dawa ya kutia koo ganzi, akampulizia mdomoni kwa kukisia zaidi ya kuona. Mama alilazwa kwa ubavu wa kushoto. Alijivutia leso juu ya macho kwa vidole vilivyokuwa vimepoa, akauma kile kiplastiki cha kulinda meno, na Viola akamshika mkono. Mfuko wa kwanza wa damu ulikuwa unaisha, Gathogo akatundika wa pili.

"Nikisema meza, umeze kama unameza ugali moto. Meza, mama."

Akameza. Bomba likapita. Alikohoa mwili mzima, akakaza kidole cha Viola mpaka kikawa cheupe, lakini hakuinua mkono kulivuta, na wagonjwa vijana huvuta.

Kwenye skrini palikuwa pekundu tupu. Mukhwana alisafisha kwa maji, akavuta, akasafisha tena. Mabonge ya damu yalifunika kila kitu. Alipita tumbo lote bila kuona zaidi ya uwekundu, akafika mwanzo wa utumbo, na hapo akakiona: kidonda kipana kama kifungo cha koti, kuta zake za kijivu, na katikati yake mshipa mdogo uliokuwa ukirusha damu kila moyo ulipopiga.

"Adrenalini."

Gathogo akampa. Alidunga kando ya mshipa, sehemu kadhaa. Damu ilipungua, ikawa inachuruzika badala ya kuruka. Ilibidi kubana mshipa wenyewe sasa, kwa klipu, kile kibanio kidogo cha chuma kinachopita ndani ya bomba. Aliingiza ya kwanza, akalenga, akabana. Ilishika. Kisha mama akajikunyata kwa kukohoa, klipu ikang'oka ikapotelea kwenye damu, na mshipa ukaanza kurusha kwa nguvu kuliko mwanzo. Skrini ikawa nyekundu tena.

"Presha haisomeki vizuri, Daktari."

"Klipu nyingine."

"Imebaki moja. Hizo zingine Daktari Preeti alitumia juzi."

Viola alisikia. Alianza kuomba kwa Kibukusu, midomo tu ikicheza.

Mukhwana alisimama na bomba mkononi, akangoja. Huo ndio ulikuwa wakati mgumu kuliko yote, kungoja huku damu inatoka, mpaka maji yasafishe na mshipa uonekane wazi. Mikono ilitaka kubana haraka haraka, aliikataza. "Mama," alisema, "najua inakukera. Usikohoe sasa. Kidogo tu. Shika pumzi kwa ajili yangu." Chini ya leso kichwa kiliitikia kidogo sana. Kifua kikatulia. Picha ikasafika, mshipa ukajitokeza, akaleta klipu mpaka ikaugusa pande zote mbili, akabana.

Damu ikakatika.

Walitazama skrini wote, hata Mukhisa ambaye hakujua anatazama nini. Mukhwana alimwaga maji juu ya kidonda, mara ya kwanza, mara ya pili. Maji yalirudi meupe. Alikata kipande kidogo cha nyama ya tumbo kwa ajili ya kupima, mbali na kidonda, akavuta bomba nje polepole, akamtoa kiplastiki mdomoni. Kisha akaketi kwenye stuli ya Gathogo.

Presha ilipanda kidogo kidogo, na mfuko wa tatu wa damu ulipofika nusu, vidole vya mama vilianza kupata joto. Mukhisa alitoka nje kupiga simu nyumbani, na sauti yake ilisikika ikipasuka kwa furaha uani. Viola alikuja akamwekea mumewe mkono begani. Hakumshukuru wala hakumwomba radhi, aliuacha mkono pale tu, naye Mukhwana akauegemezea shavu.

"Mkwe," Mama Nakhumicha aliita. Koo lilikuwa bado limekufa ganzi, maneno yalitoka mazito. Alikuwa ameivuta leso chini. "Simama hapa nikuone."

Mukhwana akasimama mbele yake. Kwa mazoea alitazama sakafu, kisha akajilazimisha kuinua macho. Mama alikuwa na uso mwembamba, mashavu yaliyoingia ndani, na macho ya Viola kabisa, yale yale, yaliyozeeka. Walitazamana kama watu wawili waliokuwa wakiishi nyumba moja yenye ukuta katikati.

"Kumbe uko na mvi," alisema, akafumba macho, akalala.

Mukhwana alienda kwenye meza ya maabara. Kile kipande alichokata alikuwa amekitia kwenye dawa ya njano, na dawa ilikuwa imegeuka rangi ya waridi iliyokolea. Kijidudu kilikuwemo. Hakukuwa na ajabu yoyote ndani ya tumbo lile, hakukuwa na kitu ambacho utafiti wake haukukijua. Ni kile kile alichokitibu kwa mamia ya watu, majirani wa mama huyu wa kulia na wa kushoto wakiwemo. Hasira ilimpanda, na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kuikabidhi, alibaki nayo.

Akachukua simu akatoka uani. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, bodaboda zikipiga honi nyuma ya maduka. Maneno aliyowaandalia wale wageni wa wiki ijayo aliyaona kichwani, haukuacha boma hata moja, akajua hatayasema. Angewaambia ukweli na wakitaka wafunge kituo. Lakini kabla ya wageni kulikuwa na milango.

"Wabwile," alisema simu ilipopokelewa. "Mama amepona. Sasa nisikilize. Kesho asubuhi tunaanza upya, zile boma zote mliruka. Mtabadilishana, wa Myanga aje Kamukuywa, wa Kamukuywa aende Myanga, na pale pagumu nitaingia mwenyewe. Tunaanza na kwa mama mkwe wako."

Upande wa pili kuku tu ndio waliosikika.

"Umenisikia?"

"Nimeskia, Daktari." Uchangamfu wa mchana ulikuwa umemtoka. "Huyo tulimzika mwezi wa nne."

Mukhwana alihamisha simu kutoka sikio moja hadi jingine. "Alikuwa anaumwa na nini?"

"Sijui."

"Hujui aje? Si ni mama wa bibi yako? Alitapika? Alikonda? Tumbo ilikuwa inamsumbua?"

"Daktari," Wabwile alisema, na sasa ilikuwa wazi kwamba analia, "mimi ningemuuliza aje?"